Gemu ya Watu Wote wa Nyumba

Jumatatu, 4 Machi 2024

Tumerudi Sachangwan mimi na Mama, kutoka kliniki Nakuru. Daktari wa mazoezi anasema mkono wa kulia wa Mama utachelewa kupona, lakini akili iko sawa. Ni mdomo tu umekuwa mzito tangu apate stroke. Tumtafutie gemu ya kupanga vipande vya picha, acheze na mkono wa kushoto.

Gemu tunayo! Iko kwa kompyuta ya sebuleni. Lakini Kipkorir, kitinda mimba wetu, aliiweka kwa jina lake peke yake. Mama akiingia kwa jina lake haioni. Nimemwomba Kipkorir aiweke kwa wote, maana ndiye ana password ya kuweka vitu. Akaniuliza Mama atacheza na nini. Na Mama ameketi hapo hapo, anasikia!

Jumatano, 6 Machi

Kwetu nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Sikatai. Lakini ni baada ya mama kwenda, si akiwa bado anakunywa chai yake. Mimi nilirudi nyumbani ndoa ikivunjika, kwa hivyo nikifungua mdomo nakumbushwa kwamba ni mgeni. Leo Kimberly, bibi yake Kipkorir, ameniambia kwa ule upole wake wa sumu kwamba hata yeye hajawekewa gemu na hajalalamika.

Sasa nimejua sababu ya kumnyima Mama gemu. Kipkorir amepata mtu wa kununua shamba la chini, lile liko kwa jina la Mama. Amemwambia mzee Hezekiah, ndugu wa marehemu baba, kwamba Mama hana akili tena na yeye ndiye wa kuamua. Shamba Mama alilolima viazi mpaka mgongo ukapinda! Mwizi. Nimembeba mgongoni mtu huyu, na ni mwizi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemweza! Nilisema mbele ya Kimberly kwamba pengine Kipkorir hajui kuiweka kwa wote. Akapanda hasira, akaketi, akaandika password yake. Kompyuta ikauliza gemu ni ya nani — ya mtumiaji mmoja au watumiaji wote. Akabonyeza wote kwa kishindo. Mjinga.

Mama akaanza. Kipande cha kwanza kilichukua muda hadi nikanyoosha mkono nimsaidie. Akanichapa kofi! Nilienda jikoni nikalia kwa furaha.

Jumatano, 13 Machi

Gemu inaonyesha majina ya wote na kila mtu amefika wapi. Mama yuko juu kabisa. Kimberly anamfuata kwa mbali. Kipkorir amekwama chini kwa picha ya punda milia! Anacheza akijificha, na bado.

Leo anadai ni mimi nacheza kwa jina la Mama. Sawa, nikamwambia, mzee Hezekiah anakuja Jumamosi, Mama atacheza mbele yake. Akacheka, akatoka nje. Mtu wa hasira kama yeye, kucheka? Sipendi.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika jikoni. Chai ya wageni iko motoni.

Mzee Hezekiah amekuja, na mnunuzi naye ameletwa, amevaa koti la suti. Nikawasha kompyuta, nikaingia kwa jina la Mama. Gemu hakuna! Nikaingia kwa jina langu — hakuna. La Kimberly — hakuna. Imetolewa kwa watu wote, na mwenye password ni mmoja.

Kipkorir akatabasamu. "Mzee, si nilikwambia? Huyu Chepkosgei ndiye alikuwa anacheza hiyo game. Sasa ameidelete juu anajua atashikwa."

Mzee akanitazama kama mtu aliyepotezewa siku. Nikaanza kusema password anayo Kipkorir peke yake, Mzee akainua mkono kunikatiza. Nilimchukia Kipkorir hadi masikio yakaziba.

Mama akagonga meza na mkono wa kushoto. Tukageuka wote. Akavuta neno moja moja, mate yakimtoka, na hakuna aliyethubutu kumpangusa.

"Korir... alifuta... jana. Mimi... nilikuwa... hapa."

Alikuwa kwa kiti chake! Kipkorir alikaa mbele yake akafuta gemu, na hakuona haja hata ya kungoja atolewe nje.

Mzee Hezekiah amesogeza kiti karibu na Mama. Amemuuliza polepole kama anajua kwamba shamba la chini linauzwa, na kama yeye mwenyewe anataka liuzwe. Mama akafumba macho kutafuta neno. Mnunuzi akaanza kufunga vifungo vya koti. Mimi nikaambiwa nilete chai, na nilipotoka alikuwa bado hajajibu.

Kipkorir ameingia hapa jikoni sasa hivi. Ananong'ona, ananiita dada, jina ambalo sijalisikia kwake tangu nirudi. Anataka niende nimwambie Mama asiseme kitu. Nafunga daftari nimpelekee Mama chai yake, na maneno ya Kipkorir nayaacha hapa jikoni.