Nimeitika Jina Lako

4 Juni

Kwako Malkia wa Saluni,

Salamu zikufikie hapo kwa shangazi yako ulikokimbilia. Mimi mzima. Wewe najua ni mzima, maana wifi ananiambia unakula kama mtu ambaye hajawahi kulishwa.

Sasa tuelewane. Siku kumi na tisa umetoka nyumbani na sare, ukaenda kusuka watu nywele. Nikikuuliza, "Tumefundishwa hesabu, mama." Mwongo mkubwa! Ndiyo maana nikaomba zamu za mchana kule kwa dobi, asubuhi nikaja kukaa na wewe dawati moja. Siku nne tu, ukatoroka. Eti nimekuaibisha. Mbona saluni hukuona aibu?

Mtihani wa kumaliza shule ni Novemba. Rudi.

Mama yako

11 Juni

Mama,

Shikamoo. Hatujambo. Naandika kwa sababu shangazi amenisimamia hapa.

Umenidhalilisha. Ulikuja na ndala, ukasinzia, ukakoroma. Ulipoamka ukanyoosha kidole, ukamwambia mwalimu arudie maana "hatujaelewa". Hatujaelewa na nani? Darasa zima lilicheka mpaka kengele. Sasa naitwa Mtoto wa Mkoromaji.

Wewe mwenyewe shule uliikimbia, leo unanipigia kelele za nini? Unachojua ni kupiga pasi mashuka ya watu. Kusuka hakuhitaji hesabu. Ukiendelea kuja darasani, sirudi.

Mwanao

20 Juni

Kwako mwenye ulimi,

Mzima, mgongo tu. Shangazi msalimie.

Shule sikuikimbia. Baba aliniambia nikae nyumbani nimuuguze mama, nikakaa. Mama alipofariki, nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa. Sikukwambia kwa sababu ungecheka.

Na darasani bado naenda. Mwalimu mkuu kasema asiyeonekana wiki tatu anafutwa. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu akiita jina lako, naitika mimi: "Nipo!" Anatikisa kichwa, lakini alama anaweka. Wenzako wanacheka. Wacheke! Jaribio la juzi nimepata kumi na moja kwa hamsini. Wewe la mwisho ulipata tisa, nimeliona kwenye daftari lako.

Mama yako

2 Julai

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima.

Unaitika jina langu? Huna hata haya. Kumi na moja kwa hamsini, halafu unajisifu!

Habari za bibi sikuzijua. Pole. Lakini bado ulikoroma.

Fomu za mtihani zinafungwa lini? Sina haja nazo, nauliza tu.

Mwanao

9 Julai

Kwako unayeuliza tu,

Sijambo.

Ni Ijumaa tarehe 25, saa nane mchana. Fomu yako nimeijaza yote, na picha nimebandika, ile uliyonuna. Imebaki sahihi, na lazima uiweke mwenyewe mbele ya mwalimu mkuu. Siku ukiingia darasani, mimi natoka. Usidhani ni kwa ajili yako, dawati linaniua kiuno.

Sitakufuata huko, na sitaandika tena kukubembeleza. Miguu unayo.

Mama yako

28 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Ijumaa nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi. Kila geti lilipofunguliwa niliinuka. Saa nane kasoro robo mwalimu mkuu akatoka, akaniambia, "Mama, nakaribia kufunga." Wifi ameniambia ulikuwa unamsuka mteja, ukasema, "Atakuja kunichukua tu, namjua."

Nililia, sikufichi. Halafu nikamwuliza mwalimu kama ana fomu za watu wazima. Alikuwa nayo moja. Nikajaza jina langu, nikaweka sahihi yangu.

Wewe utafanya mwakani, ukitaka. Nafasi utakwenda kuiomba mwenyewe, kwa mdomo wako huo huo.

Barua hii usiijibu kwanza. Wiki iliyopita nimepata ishirini na nne, na Novemba si mbali. Nasoma.

Mama yako