Benchi la Siasa

Jumatatu, 4 Machi

Ijumaa tunachagua. Mwaka wa pili wote ukumbini. Jina likiitwa unasimama, unataja somo lako kwa sauti, unahamia benchi la idara yako. Hakuna kunong'ona. Nyumbani wanajua nitasema Uhasibu. Mama ameshawatangazia wateja wake wote — binti yangu atakaa benki, kwenye kiyoyozi! Mimi nataka Sayansi ya Siasa. Haya, nimeliandika.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Mama akiwa kwenye cherehani. Hakusimamisha mguu. Alishona mpaka mwisho wa pindo, ndipo akasema siasa imeshakula jicho moja humu ndani, sasa inataka la pili? Kaka alikuwa pale pale anakata nyuzi, kichwa amekigeuza upande. Ndivyo anavyokaa tangu uchaguzi uliopita, vijana wa diwani walipomkuta kwenye mkutano wa wapinzani, wakampiga mpaka jicho moja likapofuka. Najiona kama mchawi.

Jumatano, 6 Machi

Kaka kaniuliza uani — kwa nini hasa? Nikamwambia nataka kujua inakuwaje mtu apigwe mchana kweupe, mbele ya umati, halafu polisi waseme hakuna shahidi. Akacheka kidogo. Eti hilo yeye analijua bila shahada. Kisha akasema nisome, ila nisisome kwa ajili yake. Nimelia bafuni. Nimechoka kulia bafuni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimesimama! Sauti ilikwama, mkuu wa idara akaniambia nirudie. Nikarudia kwa kelele mpaka wa nyuma wakaangua kicheko. Benchi la Uhasibu watu walikosa pa kukaa. Letu ungeweza kulala. Nilitegemea furaha, nikabaki nahesabu nafasi tupu.

Mama hakunigombeza. Kasema tu maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Utulivu huo siupendi hata kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Sasa nimeelewa. Asubuhi Mama alivaa gauni lake la kuendea harusini akatoka bila kuaga. Karudi na kadi ya chama. Chama cha diwani! Jina langu, picha yangu ya shule. Kwake yeye kusoma siasa ni kuingia kwenye siasa, na ukishaingia, bora uwe upande wa wanaopiga. Nikamwambia Mama, siyo hivyo, ni vitabu tu, ni mitihani! Akasema hata Kaka alianza na vitabu.

Nikamwita mjinga. Mama yangu mzazi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, ukawa hauingii, akawa anaulamba na kujaribu tena. Naona aibu mpaka mwili unauma.

Jumapili, 10 Machi

Diwani yuko sebuleni. Kweli, hapa hapa kwetu! Amekuja kumpongeza msomi. Anasema chama kinahitaji mabinti waliosoma, wiki ijayo atanipandisha jukwaani niwasalimie wananchi. Mama anacheka kile kicheko chake cha wateja. Mimi nimejifungia chumbani, naandika ili mikono ipate kazi. Ukuta wenyewe mwembamba, nasikia kila kitu.

Chai ameipeleka Kaka. Nilidhani atajificha! Vikombe vimegongana — upande ule haoni meza ilipo. Diwani kamuuliza, kijana, hilo jicho limepatwa na nini?

Kicheko cha Mama kimekatika.

Kaka kasema, "Nilianguka, mheshimiwa."

Diwani kampa pole. Kamwambia awe anaangalia anapokanyaga.

Nataka kutoka niseme mimi, kwa sauti ile ile ya ukumbini. Lakini diwani ataondoka na gari lake, na sisi tutabaki kwenye nyumba hii hii, na mlango wetu hata komeo la maana hauna.

Mama ananiita. Njoo umsalimie mgeni, mwanangu, njoo na kadi yako. Sijaitika.

Kaita tena. Haamrishi, ananiomba. Na sasa Kaka naye ameanza kuniita.