Jina la Mwanatabu

Shanzu,
12 Julai 1999

Mwanangu Mwanarehema,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Leeds. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu lanisumbua nikipanda ngazi. Mke wangu Kafedha akusalimu sana.

Nina haja moja. Ule ukurasa wa intaneti wa nyumba yetu ya wageni, uliotutengenezea mwaka juzi, wenye jina la Kwa Mwanatabu, ndio uwaletao wageni karibu wote sasa. Katana, fundi wa kompyuta wa Kiembeni, aniambia kwamba mwaka huu zimefunguliwa kampuni nyingine za kusajili majina ya kurasa hizo, na mtu aweza kulitoa jina lake kampuni moja akalitia nyingine. Ataka kulihamisha letu kwenye kampuni aijuayo, aliandikishe kwa Kafedha, maana ndiye ashikaye ofisi siku hizi. Lakini lasemekana liko kwako, na kampuni haimsikilizi ila mwenyewe. Basi mpe Katana ruhusa.

Na utuandikie. Kimya chako kimekuwa kirefu.

Babako,
Faki

Leeds,
30 Julai 1999

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata, nami ni mzima. Pole na goti. Likande kwa maji ya moto na chumvi.

Jambo la jina nimelielewa. Ni kweli, niliposajili nilijiandika mimi, na barua zote za kampuni hunijia mimi. Usimsumbue Katana. Kazi hiyo ndiyo niifanyayo hapa kila siku. Nitalihamisha kwa mkono wangu, nami nitamwandikisha mwenye haki nalo.

Sikuulizi habari za mama, kwa kuwa najua huna.

Mwanao,
Mwanarehema

Shanzu,
21 Agosti 1999

Mwanangu Mwanarehema,

Assalaam alaykum. Wajionaje na hali? Sisi twashukuru Mungu.

Umenifurahisha. Kafedha amefurahi zaidi, ameshaagiza magodoro mapya na mapazia ya vyumba vyote, maana Desemba hii Wazungu waja kusherehekea mwaka elfu mbili na hatutaki waende hoteli nyingine.

Uliyoandika juu ya mama yako nimeyaona. Mambo ya talaka ni ya mtu na mkewe, mtoto hayaingilii. Maliza hilo la jina, mengine tutazungumza ukija.

Babako,
Faki

Shanzu,
18 Oktoba 1999

Mwanarehema,

Salamu. Natumai u mzima.

Tangu mwezi uliopita hakuna mgeni hata mmoja aliyetuandikia. Juzi nilikwenda uwanja wa ndege kumpokea yule Mjerumani na mkewe, wale wajao kila mwaka siku zizi hizi. Wakanipungia mkono, wakanipita. Kumbe wangojewa na mjomba wako Mwidani, ameshika kibao kimeandikwa Kwa Mwanatabu.

Nikamwambia, "Mwidani, hawa wageni wangu."

Akanijibu taratibu, "Wamemwandikia Mwanatabu, bwana Faki. Na Mwanatabu yuko kwangu Kiembeni."

Nikaenda moja kwa moja kwa Katana, tukaufungua ukurasa. Nyumba yangu haimo. Mna picha ya mama yako amesimama mlangoni kwa Mwidani, na vyumba viwili, na sinia ya pilau. Kafedha amelia kutwa nzima.

Umefanya nini?

Babako

Leeds,
30 Oktoba 1999

Baba,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu.

Nimefanya uliloniomba. Jina nimelitoa kampuni ya kwanza, nikalitia nyingine, na nimemwandikisha mwenye haki nalo. Wageni wakiandika, barua zao zanijia mimi, nami nampigia mjomba simu.

Ulipoifungua nyumba ya wageni hukuwa na kitu ila mikono ya mama. Watu walirudi kwa ajili ya samaki wake wa kupaka. Ni wewe uliyemwita mchoraji akaliandika jina lake mlangoni, mimi nikiwa nimesimama pale na sare ya shule. Kisha ukampa talaka, na kabla ya eda kwisha ukamtoa nje na mabunda yake ya nguo, Kafedha akaingia. Hata mtu asiyesali ajua kuwa mwanamke hatolewi nyumbani ndani ya eda.

Lakini jina hukulifuta mlangoni. Mwenyewe umemfukuza, jina lake umelibakisha likutumikie. Sasa limemfuata. Wallahi nilipomaliza kulihamisha nilicheka peke yangu ofisini, hata wenzangu wakageuka kunitazama.

Magodoro mapya ni mazuri. Yalalieni.

Mwanao,
Mwanarehema

Shanzu,
29 Novemba 1999

Mwanangu mpenzi Mwanarehema,

Assalaam alaykum warahmatullahi. Hali yangu si nzuri, lakini nashukuru.

Vyumba ni vitupu. Nimewaachisha wapishi, nimemwachisha na Nyamvula, mfuaji wetu, aliyekubeba mgongoni ukiwa mdogo. Akaenda kulia kwa mama yako, na mama yako akaniita.

Nilikwenda Ijumaa baada ya sala. Nilipiga hodi, nikasimama uani mpaka aliponipa kiti. Nilimwambia tu kwamba yaliyopita yamepita.

Akasema, "Kwako huenda yamepita. Mimi nimesamehe ili nipate usingizi. Lichukue jina, Faki, uwarudishe watu kazini. Sikufanyii wewe, nawafanyia akina Nyamvula."

Akaenda mwenyewe kwa Katana, wakaomba jina lihamishiwe ile kampuni aijuayo Katana, liandikwe kwangu. Sasa kampuni imetuma ujumbe wa kuthibitisha kwa ile imeili iliyoandikishwa, nayo ni yako, maana mama yako hana. Kukubali kwako tu ndiko kulikobaki. Usipojibu, ombi lafutwa.

Ramadhani inaingia, mwanangu. Mwenye kudai ameshasamehe.

Babako akupendaye,
Faki

Leeds,
21 Desemba 1999

Baba,

Shikamoo. Nakutakia Ramadhani njema.

Ujumbe ulinifikia. Uliuliza kama nakubali jina lihame. Kila nilipofika kazini niliufungua, nikausoma, nikauacha, mpaka muda wao ukapita. Jana wameniandikia kwamba ombi limefutwa na jina limebaki lilipo.

Mama amenipigia simu. Sijapata kumsikia na hasira kama zile. "Mimi nimesamehe," akasema, "wewe wadai nini?" Nikamwambia, "Yako umeyasamehe, mama. Mimi nadai yangu." Akanikatia simu.

Yangu ni haya. Mwezi ule ulipomtoa, nilikuwa nikipiga simu Shanzu kila Jumapili, nawe ndiwe uliyepokea. Nikiuliza mama yuko wapi, waniambia yuko sokoni, yuaoga, amelala. Nikikupa salamu zake, wasema utamfikishia. Nikakutumia dawa zake za presha, ukanishukuru. Naye alikuwa amelala chumba cha uani kwa mjomba, mgonjwa, hana hata kidonge, na mimi nacheka nawe kwenye simu. Umeniandikia mara nne tangu Julai, na hilo hujalitaja.

Mjomba anaongeza vyumba, na Nyamvula ameshaanza kazi kwake. Wapishi watafuata. Kwa hivyo usinitajie tena watu hao.

Mama asiposema nami, nitangoja mpaka aseme. Na wewe ukitaka kumtuma Katana ajaribu tena mwakani, mtume. Ujumbe utakuja kwangu, nami nitausoma wote.

Mwanarehema