Siku Niliyombeba Neema

Jumatatu, 5 Agosti 1957
Wodi ya wanaume imejaa. Homa hii ya mafua imeingia karibu kila nyumba hapa Temeke. Nimebadilisha kitambaa cha mdomo mara nne, mikono imechubuka kwa sabuni ya dawa. Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alituuliza sisi wanafunzi wa uuguzi masharti ya kujikinga. Nikayataja yote bila kukosea. Petro, ninayelala naye chumba kimoja, alicheka. Kwake vitambaa ni vya waoga. Hakuna kutoka, hakuna wageni. Mwanangu Neema ana miezi miwili. Nimemwona mara moja.

Jumatano, 7 Agosti
Mzee wa kitanda cha sita amefariki. Nilimwosha. Nikanawa. Namtaka mwanangu.

Ijumaa, 9 Agosti
Barua ya mke wangu, Rehema, kutoka Pugu. Mtoto anacheka sasa. Nimeisomea chooni, Petro asinione.

Jumapili, 11 Agosti
Rehema amekuja mpaka kwenye uzio, na mtoto. Nikamwambia asisogee.
"Hata mwanao humshiki?"
Nilikuwa nimetoka wodini muda huohuo. Sikunawa. Nikashusha kitambaa, nikampokea Neema juu ya uzio, nikambusu. Ananukia maziwa na moshi wa kuni. Masharti nayajua yote. Nilimbusu hivyohivyo.

Jumatatu, 12 Agosti
Kichwa kinauma. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 13 Agosti
Homa. Nimelazwa kwenye wodi niliyokuwa nikiihudumia. Petro mzima kabisa. Ananinywesha maji, kavaa kitambaa. Hakunicheka. Nimemwambia Sista yote. Amekasirika sana, kisha akamwagiza dereva wa gari la wagonjwa apitie Pugu.

Jumatano, 14 Agosti
Dereva hajarudi na habari. Nimejiua mwenyewe, sawa. Lakini yeye?

Ijumaa, 16 Agosti
Dereva kaleta habari: Neema alichemka siku mbili. Leo ananyonya. Nimelia mbele ya Petro. Naona aibu, si ya kulia.

Jumapili, 25 Agosti
Nimeruhusiwa kufika getini. Rehema alisimama ng'ambo ya barabara, mtoto mgongoni. Nikapiga hatua mbili.
"Baki hapohapo, Baba Neema."
"Nimeshapona."
"Baki hapohapo."
Nikabaki. Tukapaza sauti, tukaongea habari za mihogo na za mama yake. Baiskeli zikipita katikati yetu. Kisha akageuka taratibu, akashusha kanga kidogo. Neema amelala, mdomo wazi. Amenenepa. Nilimtazama mpaka Rehema alipochoka kusimama.