Nyumba Zote za Mzee

Jumatano, Kyela mjini. Mvua imekatika asubuhi hii, jua limetoka kali, matope yanafuka mvuke. Watu wamechangamka. Mimi sijachangamka.

Jana nilikwenda kijijini Bujonde kumwona Atupele na mwanawe mchanga. Wote wazima. Naanza na hilo ili niweze kuandika mengine.

Kwa asiyejua kazi yangu: mimi ndiye niliyetengeneza mfumo wa simu wa zahanati yao. Mjamzito akishikwa na uchungu anabonyeza kitufe, dereva wa bajaji anapata ramani ya nyumba, anakwenda kumchukua. Niliufanya peke yangu nikisaidiwa na akili mnemba. Mimi naeleza ninachotaka, yenyewe inaandika msimbo. Sioni haya kusema hivyo. Zahanati ile isingeweza kuajiri kampuni ya mjini, na bila msaada huo leo kusingekuwa na kitufe chochote cha kubonyeza.

Nilitamba sana. Nilimwambia mume wangu nimepata mfanyakazi asiyekula wala kununa.

Sasa kosa lenyewe. Nesi alipita nyumba kwa nyumba akiandikisha wajawazito, na simu ikahifadhi mahali kila nyumba ilipo. Akili mnemba ilikuwa imeweka sharti kwamba jina la mkuu wa kaya lazima lijazwe, la sivyo huendelei. Kwa wanawake wengi walioolewa pale, mkuu wa kaya ni baba mkwe. Na kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, na wakikaribia kukutana njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameacha, lakini nyumba zinazoshika bado zipo. Basi waliobanwa na swali wakamwambia nesi, "Andika Mzee tu." Nesi ni mgeni huku, akaandika Mzee.

Mfumo ukaona akina Mzee watatu kitongoji kimoja. Ukaamua ni mtu yule yule kaandikwa mara tatu, ukazifanya nyumba zote kuwa moja, ile ya kwanza, iliyo ng'ambo ya mto.

Sehemu hiyo ya msimbo sikuisoma.

Niliiona ni ndefu, na majaribio yote yalikuwa na tiki za kijani. Majaribio yenyewe yaliandikwa na huyo huyo aliyeandika msimbo. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani, mwalimu kakaa nje anakunywa chai.

Ijumaa Atupele akashikwa na uchungu. Mumewe yuko Tunduma kwenye kibarua, mama mkwe yuko msibani. Akabonyeza kitufe, kisha simu ikazima kwa kuishiwa chaji. Bajaji ikaenda ng'ambo ya mto kwa watu wengine, na wakati wa kurudi ikakwama kwenye tope.

Nyumbani alikuwepo mtu mmoja tu. Baba mkwe.

Atupele alinisimulia huku akinyonyesha. Alijifunika khanga kichwa chote. Mzee akatoa baiskeli, akageuzia uso pembeni mpaka alipohisi mkwewe amekaa kwenye keria. Atupele akashika chuma cha kiti, hakuthubutu kumgusa. Njia nzima hawakusemezana. Tope likizidi, mzee anashuka na kukokota. Walipofika zahanati akaishikilia baiskeli, akautazama ukuta mpaka manesi walipomshusha.

"Alikuwa anatetemeka kuliko mimi," aliniambia.

Nilimweleza kosa langu, nikamwomba radhi. Akasema ndaga, yaani asante, kwa kuja kwangu, kisha akaniuliza, "Kwani dada, wewe si wa huku huku?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma.

Mama yangu amekaa ndoa yake yote bila kulitamka jina la babu yangu. Nimekua nikiliona hilo. Akili mnemba ingelijulia wapi? Siwezi kuikasirikia. Jana jioni nilipoieleza mila yetu, iliirekebisha sehemu ile mara moja, kisha ikaniuliza kama kuna desturi nyingine inayopaswa kuijua. Swali hilo lilinipasa mimi kujiuliza tangu mwanzo. Sina hakika kwamba ningeandika kwa vidole vyangu ningekumbuka. Huenda ningekosea vile vile. Ila ningekosea polepole, na katika upolepole huo labda ningempigia mama.

Msinitumie methali ya haraka haraka, naijua.

Nimejiwekea sharti: kitu nisichoweza kumweleza mama kwa Kinyakyusa hakiingii kwenye mfumo. Kazi itachelewa kidogo. Na ichelewe.

Nyumba ya Atupele nimeshaiweka mahali pake. Leo asubuhi nimegundua kwamba ya tatu siwezi kuirudisha, kwa sababu mfumo ulipoziunganisha ulifuta ilipokuwa. Kwenye simu ya dereva bado iko ng'ambo ya mto. Nesi hakumbuki vizuri njia ya kwenda huko, ila anakumbuka kwamba siku za mama huyo zimekaribia. Nimempigia mjamzito huyo mara nyingi, simu yake haipatikani.

Nimeandika haya nikiwa nimeshavaa buti, namsubiri bodaboda anipeleke Bujonde nikamtafute. Namsikia anapiga honi.