Mstari Mwekundu wa Nyota Mpya

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Ubatizo mtoni asubuhi. Bibi mmoja alimeza maji, anakohoa kwenye kila foto. Ile nyota mpya bado iko pale juu ya ziwa, upande wa Burundi. Siku ya tano.
Dada yangu Zawadi ametuma ujumbe toka Kiringye. Alhamisi anavuka mpaka wa Kavimvira na watoto, waende Burundi, mpunga anauacha shambani. Mara ya mwisho alipokimbia vita, alizika mtoto njiani.
Kosa ni langu, maneno yangu yamemfikia. Jana kwenye ushuhuda ni minye niliyesimama kusema Mungu ametuwashia nyota mpya, na vita inarudi. Nyota niliiona. Ya vita niliongeza.

Jumanne, tarehe 4
Nimeenda kwa Prof Elie, mwalimu wa fizika. Amecheka kwanza. «Weye mupiga foto, umekuwa nabii tangu lini?» Nimeona haya.
Amenipa kipande cha plastiki chembamba, chenye mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Nikiweke mbele ya lensi, kitatandaza mwanga wa nyota uwe kama upinde wa mvua. Kila gesi ina rangi zake, anasema, kama kila muntu na sauti yake. Ukitokea mstari mwekundu unaong'aa, ni hidrojeni. Basi ni nova: nyota nzee iliyovuta gesi ya jirani yake mpaka ikalipuka. Baadaye inafifia.
Nimepiga saa moja jioni. Upinde mdogo, muzuri. Nimemtumia.

Jumatano, tarehe 5
Prof anasema hakuna mstari. Upinde laini tu. Hajui ni nini.
Nimeshinda na hofu, bila kula. Na kama nilitabiri kweli bila kujua?
Jioni nimefungua foto ya kwanza kabisa kwenye ordinateri, kompyuta yangu ya kazi. Aibu! Kabla ya kutuma niliisafisha, vile ninavyosafisha nyuso za maharusi. Chunusi, makovu, vyote nje. Mkono ulijiendea wenyewe. Mstari niliufuta nikidhani ni uchafu. Kwenye foto ya kwanza uko: mwekundu, mnene, unawaka. Nimepiga na nyota nyingine ili kulinganisha. Upinde wake hauna mstari huo.
Prof alipiga kelele kwenye simu mpaka mke wangu akasikia toka jikoni. Nova! Kisha akasema mwanga huu uliondoka huko kabla babu zetu hawajazaliwa. Nimekaa na neno hilo. Mungu aliiwasha zamani zote hizo, na minye nikaifanya barua yangu.

Alhamisi, tarehe 6
Piki mpaka Kiringye, alfajiri. Mizigo ya Zawadi imefungwa. Nimemuonyesha foto. Nimemwambia wazi: ya vita niliitunga.
«Kwa hiyo nyota haisemi vita?»
Hapana.
«Na amani, inaisema?»
Sikuweza kudanganya mara ya pili. Hata amani haiisemi.
Ameingia ndani. Nimengoja nje muda mrefu, nikijua akienda sasa ataenda kwa akili yake, na sina la kumzuia. Ametoka na miundu miwili ya kukatia mpunga.
«Basi kata na weye, kaka. Umenichelewesha siku tatu.»

Jumapili, tarehe 9
Nimekiri kanisani. Mama anayeongoza maombezi hakunipa mkono. Sawa.
Zawadi hajavuka; amebakiza kipande kidogo cha mpunga kisichokatwa.
Nyota imepungua. Jioni nimeitazama bila kamera. Sikuomba initabirie kitu. Nimesema tu asante, nikaingia kula.