Mstari wa Tatu wa Daftari Lako

Kwako Kambale, kaka niliyeletewa na barabara ya Eringeti,

Usifurahi upesi kuona mwandiko wangu. Mimi ni yule yule Masika. Hata barua hii naishuku: huenda naiandika ili nafsi yangu ipoe tu. Naiacha wazi, isomwe kanisani hapa Beni, kwa sababu sijui uko wapi na pengine msikilizaji mmoja anajua.

Unakumbuka siku uliyofika kwetu Bulengera, pale Butembo? Ulikimbia vita vya Eringeti peke yako, na mfuko mmoja na shati jepesi, na baridi ya Butembo haina huruma. Mama alikuvika sweta la marehemu Baba. Aliposikia jina lako akasema, "Uyu ni mutoto wetu, aingie." Mimi nilisema kimoyomoyo kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na baada ya chakula nikahesabu vijiko. Uliniona, ukacheka. "Masika, kijiko yenye unatafuta iko mu sahani yako."

Tulikalia benchi moja darasa la sita la sekondari. Mwalimu wa filozofia, yule aliyefuta ubao kwa mkono wa koti, alitufundisha kwamba ukiwa na kauli mbili za kweli unapata ya tatu bila kumuuliza mtu yeyote. Hapo ndipo nilipoharibika. Nilidhani nimepewa ufunguo wa kila nyumba.

Siku moja alituamuru tuandike: "Watu wote hufa. Paluku ni mtu." Kisha akainua chaki. "Donc? Kwa hiyo?" Darasa zima likapiga kelele: "Paluku atakufa!" Wewe uliweka kalamu chini, ukatoka nje. Nilipokuuliza ukasema, "Kichwa inaniuma." Sikuamini. Nililiweka neno hilo akiba.

Wiki hiyo hiyo, tukichambua maharagwe na Mama, nilikuuliza kwenu nani alizaliwa mbele yako. Ukajibu bila kuinua macho: "Mbele yangu hapana mutu."

Kwetu, hata mtoto anayecheza vumbini anajua kwamba mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili ni Kambale. Basi nikapanga kauli zangu. Kila Kambale ni wa pili. Huyu anasema hana wa kwanza. Donc, jina si lake. Nilijisikia mwerevu kuliko mwalimu. Na siku zile mtu mwenye jina la uongo hakuwa jambo dogo. Kila mgeni alitazamwa mara mbili. Mama aliniambia, "Acha mutoto wa benyewe." Sikuacha. Nilikwenda mwenyewe kukushtaki kwa mkuu wa mtaa.

Alikuita asubuhi iliyofuata. Ulivua sweta, ukalikunja, ukaniwekea mikononi. "Urudishie Mama." Hukwenda ofisini. Ulipanda pikipiki ya kuelekea Beni, nami nikawaambia majirani, "Munaona? Amekimbia!" Mama alilipokea sweta, akaliweka bila kulikunjua.

Sasa mimi ndiye mwalimu wa somo lile lile. Jirani yangu hapa Beni ni mama mmoja wa Eringeti, anayeanika kakao mbele ya mlango wangu. Juzi nilikutaja, Kambale wa kwao aliyekimbia peke yake. Akaacha kugeuza kakao.

"Ule Kambale? Balimuua ndugu yake mukubwa mu shamba, ule Paluku. Ni yeye mwenyewe alimuzika. Kutoka siku ile, ile jina hapana toka mu kinywa yake."

Nilimuuliza, kama ninavyowauliza wanafunzi: "Mama, umejuaje?"

"Niliona na macho yangu, mwalimu. Weye uliona nini?"

Niliingia ndani nikatoa daftari lako, lile ulilolisahau chini ya godoro. Miaka yote hii nililificha kama ushahidi. Nililipekua nikitafuta ramani, namba za simu, majina ya askari. Nilikuta masomo tu, kwa mwandiko wako ulioinama. Safari hii nilifika kwenye ukurasa wa siku ile. Watu wote hufa. Paluku ni mtu. Mstari wa tatu ni mtupu.

Nililia, Kambale. Jina lako lilikuwa kweli, na neno lako lilikuwa kweli. Kabla ya Kambale kuna Paluku. Ulikuwa unaniambia hivyo kila nilipokuita, na mimi niliyejua kuunganisha kauli sikuuliza swali ambalo mama yeyote sokoni angeuliza: basi Paluku yuko wapi?

Naona aibu. Siahidi kwamba nimepona kushuku. Hata msamaha wako ukija nitaugeuza geuza, univumilie. Lakini wanafunzi wangu siwapi tena mfano ule. Na mstari wako sijaujaza.

Njoo. Sweta liko kwa Mama, bado limekunjwa ulivyolikunja. Sitakuuliza jinsi Paluku alivyokufa. Nieleze alivyokuwa anacheka.

Mimi dada yako wa Bulengera,
Masika